Bangi, Faragha na Jasho la Mkulima

Mjadala wa kuhalalisha bangi una mtu wake, naye yuko Afrika Kusini. Gareth Prince ni Mrastafari aliyehitimu sheria. Chama cha wanasheria cha Cape kilikataa kumsajili kwa mafunzo ya vitendo kwa sababu alikwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa kukutwa na bangi, na alitamka wazi kwamba ataendelea kuitumia, maana kwake ni ibada. Angeahidi kuacha, huenda leo angekuwa wakili. Hakutaka kusema uongo.

Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilimkatalia kwa majaji 5 dhidi ya 4. Hawakuidharau imani yake. Walichohofia ni kwamba polisi watashindwa kutofautisha bangi ya ibada na bangi ya biashara. Prince hakuchoka. Alirudi na hoja ya faragha, na tarehe 18 Septemba 2018 majaji wote wakaafikiana, katika hukumu iliyoandikwa na Raymond Zondo, kwamba mtu mzima ana haki ya kulima na kuvuta bangi faraghani kwa matumizi yake. Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria. Rais Cyril Ramaphosa alisaini sheria mpya Mei 2024.

Hoja ya faragha ni nzito. Dola inayoruhusu pombe iuzwe hadharani itampeleka vipi jela mtu mzima kwa alichovuta chumbani mwake? Madhara yapo, na wanaotetea uhalalishaji hawapaswi kuyaficha: kijana anayeanza mapema na kuvuta sana yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua akili. Ila ugonjwa huo hautibiwi na pingu.

Tatizo la faragha ni kwamba inahitaji nyumba. Mwenye ua na geti atapanda miche yake kwa raha. Anayeishi na wanawe katika chumba kimoja cha mabati Khayelitsha, Cape Town, avutie wapi, wakati mahakama ilikataza kuvuta mbele ya watoto? Akitoka nje, amevunja sheria.

Aliyeumia zaidi ni mkulima. Katika vilima vya Mpondo, Rasi ya Mashariki, familia zimelima bangi vizazi kwa vizazi. Ndiyo iliyolipa ada na kununua sare za shule. Kwa miaka mingi helikopta za polisi zilinyunyizia mashamba hayo dawa ya kuua magugu, na mboga za jirani zikakauka pia. Hukumu ya 2018 haikumgusa mkulima huyo, kwa kuwa kuuza kulibaki kosa. Leseni za bangi ya tiba nazo zinadai uzio, ulinzi na maabara, mambo yaliyo mbali na uwezo wa mwenye jembe la mkono.

Mkondo huo umefika kwetu. Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, huku kuivuta kukibaki kosa la jinai. Muswada wa bangi ya tiba ukiletwa katika bunge lolote la Afrika Mashariki, wanasheria wanaosomeshwa katika ukumbi huu wa chuo waulize kwanza bei ya leseni, kisha waulize ni nani aliyeko gerezani kwa mmea uleule.