Visiwa Vingi, Neno Moja

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nawoitorong, Lodwar



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema nanyi siku hii ya kusomwa taarifa ya mwaka. Katibu amekwisha kutueleza habari za ada, za karo za watoto na za misaada ya mazishi. Mambo hayo ndiyo msingi wa chama, wala sitayarudia. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari la mweka hazina, nalo ni hili: watu wachache waliotawanyika wafanye nini ili wakubwa wanapokata shauri juu ya nchi yao, neno lao nao lisikizwe? Kwa mfano nimewachagua watu wa visiwa vya Lamu.

Yamkini mzee mmoja atauliza, Lamu yatuhusuje? Wao ni watu wa bahari na majahazi, nasi ni watu wa ngamia, wa mbuzi na wa ziwa. Najibu ya kuwa njia ni moja. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Uhabeshi walikutana Lamu kuzindua mradi uitwao LAPSSET, yaani bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, vitu vya kuunganisha pwani ile na Sudan Kusini na Uhabeshi. Mwezi huo huo ikatangazwa ya kwamba mafuta yameonekana katika kisima cha Ngamia 1, huku kwetu Turkana. Bomba lililokusudiwa kutoka Lokichar hadi Lamu lina urefu wa yapata kilomita 820. Basi wao wameshika ncha moja ya kamba, nasi tumeshika ya pili. Yafaa tujue wenzetu wameishikaje.

Msidhani ya kwamba watu wa visiwa vile walizaliwa wakiwa wamoja. Lamu, Pate, Siyu na Faza kila mmoja ulikuwa mji wenye wakubwa wake, na mara nyingi walipigana. Yapata mwaka 1812 jeshi la Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela, likashindwa na watu wa Lamu. Lakini ushindi ule haukuwapa usingizi. Walihofia kisasi, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, naye akaleta liwali na askari. Aliyekuja kulinda akakaa kutawala, na baadaye miji mingine ya visiwa nayo ikaingia chini ya utawala huo, mmoja baada ya mwingine. Ndugu wawili wakigombania shamba, mara nyingi anayevuna ni mtu wa tatu.

Wajukuu wa miji hiyo hiyo ndio walioletewa habari za bandari kubwa. Ramani zilionyesha magati 32 mahali ambapo wavuvi wao walitega nyavu na madema tangu zama za babu zao. Mikoko ingekatwa, na mchanga wa chini ya bahari ungechimbuliwa ili meli kubwa zipite. Hapo kila kisiwa kingaliweza kutuma wajumbe wake Nairobi kuomba chake, na kila mjumbe angalirudi na ahadi yake mfukoni. Badala ya hivyo, vikundi zaidi ya 30, vya wavuvi, vya wanawake, vya vijana, vya watunza mazingira na vya watu wa utalii, vilijiunga katika muungano mmoja ulioitwa Save Lamu. Waamu na Wabajuni wa visiwani wakashirikiana na jirani zao wa bara, yaani Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, Wasanye na Waorma.

Tazameni walivyoanza. Walitembelea vijiji, wakawasikiliza wenyeji, kisha wakaandika waraka wa kueleza wao ni nani, wanaishi kwa nini, mahali gani ni pa heshima kwao, na mtu anayetaka kuleta kazi katika nchi yao awaendee kwa njia gani. Hawakusema tu kwamba hawataki. Walisema pia wanataka kuulizwa vipi. Mtu aliyekuja na mradi hakuweza tena kumchagua mzee mmoja, akanywa naye kahawa, kisha akaenda kuandika ya kwamba watu wa Lamu wamekubali.

Kisha wakaenda mbele ya sheria. Mwaka 2012 wenyeji wa Lamu walifungua shauri la bandari, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua ya kuwa haki zao za mazingira safi, za utamaduni, za kupewa habari na za uvuvi wa asili zilikuwa zimevunjwa. Mahakama iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Sitawadanganya, wazee wangu: fedha hizo hazikumwagika siku ya pili yake. Rufaa ilikatwa, na mazungumzo ya malipo yakaendelea kwa miaka. Wala bandari haikuzuiwa. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Lakini mvuvi wa Kizingitini, ambaye zamani hakuhesabiwa, sasa anatajwa katika hukumu kuwa mtu mwenye haki.

Shauri la pili lilihusu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliotakiwa kujengwa Kwasasi na kampuni iitwayo Amu Power. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliupa leseni mwezi Septemba 2016. Save Lamu na wenzao watano wakakata rufaa katika jopo la kitaifa linaloamua mashauri ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni ile. Sababu yake kubwa yatufaa sana sisi. Jopo liliona ya kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanywa kabla uchunguzi wa madhara haujakamilika, na ulipokamilika watu hawakuelezwa kwa njia ya kuwafaa. Maana yake ni kwamba kuitwa mkutanoni na kupewa soda si kushirikishwa. Kampuni nayo ikakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaikataa.

Je, watu wote wa Lamu walikuwa na nia moja? La, hasha. Wako vijana waliotaka kazi ya mtambo, na wako wenye mashamba ya Kwasasi waliongojea fidia ya ardhi yao. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Lakini wenye kuungana hawakungoja mpaka kila mtu akubali kila jambo. Walipatana juu ya jambo lililowatosha wote, kwamba lisikatwe shauri la nchi yao bila wao kuelezwa ukweli wote. Juu ya neno hilo hata anayeutaka mtambo na asiyeutaka waweza kukaa mkeka mmoja.

Njia hii si ya Lamu peke yake. Mwaka 1990 nchi ndogo za visiwa duniani zilifanya umoja wao, ambao una wanachama 39, na miongoni mwao ni jirani zetu Komoro, Shelisheli na Morisi. Nyingine ni ndogo hata watu wake wote hawafikii wakaaji wa kaunti moja ya Kenya. Nchi kubwa zilikuwa zikizungumza juu ya kuzuia joto la dunia lisizidi nyuzi 2; nchi hizi zikashikilia ya kuwa kwa kadiri hiyo bahari itawameza. Katika Mapatano ya Paris ya mwaka 2015, nyuzi 1.5 ziliandikwa kuwa lengo la kujitahidi kulifikia. Visiwa vile havikuwa na majeshi wala mali nyingi. Vilikuwa na neno moja, likasemwa na wengi, mwaka baada ya mwaka.

Sasa nageukia nyumbani. Sisi nasi ni watu wa visiwa, ijapokuwa visiwa vyetu ni vya nchi kavu. Laga ya Kawalase ikijaa, Lodwar hukatika vipande viwili. Kutoka Kakuma hadi Lokichar ni safari ya mtu kujiandaa. Na ziwani, maji yalipopanda miaka hii ya karibuni, kijiji cha Komote cha ndugu zetu Waelmolo, ng'ambo ya pili, kilizungukwa na maji kikawa kisiwa kweli kweli.

Wala si kwamba hatujapata kusimama pamoja. Bwawa la Gibe III lilipokuwa likijengwa katika mto Omo, ambao ndio unaolilisha ziwa letu, chama cha Friends of Lake Turkana, kilichoongozwa na binti yetu Ikal Angelei, kilipeleka kilio cha watu wa ziwa hadi ng'ambo, naye mwaka 2012 akapewa tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo. Bwawa lilizinduliwa mwaka 2016, lakini mwaka 2018 UNESCO iliziandika hifadhi za ziwa letu katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hivyo hakuna awezaye kusema ya kwamba hakuambiwa.

Katika habari ya mafuta tumefanya kwa namna nyingine. Mwezi Oktoba 2013 wenyeji waliandamana kwa sababu ya kazi, na kampuni ya Tullow ikasimamisha shughuli zake kwa muda. Mwezi Juni 2018 malori ya mafuta yalizuiwa njiani kwa sababu ya usalama mbaya, nayo yakakaa kwa majuma kadhaa. Hasira ile ilikuwa na haki yake, nayo ilisikika. Lakini lori likisharuhusiwa kupita, ni karatasi gani tuliyobaki nayo mkononi? Mwaka 2025 Tullow iliuza haki zake za hapa kwa kampuni ya Gulf Energy. Mgeni tuliyezoea kubishana naye ameondoka, amekuja mwingine, na hatuna waraka mmoja wa Waturkana wote wa kumwekea mezani.

Na jambo lenyewe si dogo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inaitengea serikali ya kaunti asilimia 20 ya fungu la serikali katika mafuta, na jamii ya mahali asilimia 5. Jamii ya mahali ni nani? Mtu wa Lokichar atasema ni mimi, kwa kuwa kisima kiko kwangu. Mtu wa Lodwar na wa Kakuma watasema barabara inapita kwetu na malisho yetu ndiyo yanayokatwa. Tukilingoja swali hili mpaka fedha zifike, litatugawanya kama Pate na Lamu. Tukilijibu sisi wenyewe mapema, chini ya mti wa wazee, hakuna wa kutugawanya.

Tena, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka kila jamii iandikishe ardhi yake na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Ardhi ya jamii isiyoandikishwa hushikwa kwa amana na serikali ya kaunti, na fidia yake ikilipwa hushikwa huko huko. Asiyeandikishwa hawezi kuipokea kwa mkono wake mwenyewe. Mifugo yetu inajua mipaka ya malisho tangu zamani. Sheria haiijui mpaka tuiandike.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mambo manne mbele ya mkutano huu, nami naomba yakatiwe shauri kabla hatujaagana.

La kwanza, ichaguliwe kamati moja yenye watu wa Lodwar, Kakuma, Lokichar, Kalokol na pande nyingine, wakiwamo wanawake, vijana na wavuvi, na Waelmolo waalikwe kukaa nasi.

La pili, kamati hiyo izunguke ikawasikilize watu, kisha iandike waraka mmoja juu ya maji, malisho, mapito ya mifugo penye barabara na bomba, kazi, na fungu la jamii. Waraka usomwe kwa Kiturkana mbele ya watu kabla ya kutiwa sahihi.

La tatu, wazee wasaidie kila upande kupatana juu ya mipaka na kuandikisha ardhi, ili ugomvi wa ndani umalizwe ndani.

La nne, itengwe sehemu ndogo ya ada zetu kwa ajili ya nauli, nakala na wakili. Mashauri ya Lamu yalichukua miaka sita na zaidi, na asiye na akiba huchoka njiani hata akiwa na haki. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua wako watakaosema chama hiki ni cha karo na mazishi, siasa tuwaachie wachaguliwa wetu. Wachaguliwa wetu twawaheshimu, nao wana kazi yao. Lakini mjumbe hupeleka neno alilopewa. Asipopewa neno, atapeleka lake. Na mtoto tunayemlipia karo leo atahitaji kesho maji ya kunywa na ardhi ya kukaa. Kuvilinda vitu hivyo ni ustawi pia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa visiwa vya Lamu walijifunza neno hilo kwa gharama kubwa na kwa muda wa miaka mia mbili. Sisi tuna mfano wao mbele yetu, na kamba ile ile mikononi.

Shauri ni lenu.