Nywele za Kope Zinazokwaruza Jicho: Nasaha kwa Wakazi wa Kata

Wapo vijana wanaouliza habari za upasuaji wa mionzi ya leza, unaochonga upya kioo cha mbele cha jicho ili mtu aiache miwani. Ni tiba njema kwa anayeihitaji. Haimfai, hata hivyo, bibi wa Bahi ambaye nywele za kope zimepinda ndani, zikikikwaruza kioo hicho kila apepesapo. Hiyo ni trakoma, maradhi yaliyoitesa Dodoma kwa vizazi: bakteria wake huenezwa na inzi, mikono na kitambaa cha kufutia uso, na maambukizi yakirudiarudia kwa miaka mingi huacha makovu ndani ya ukope wa juu.

Wengi huzing'oa nywele hizo kwa kibanio. Huota tena, fupi na zenye kuchoma. Tiba ni upasuaji mdogo wa kusawazisha kope: mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi, ukope hukatwa na kushonwa ili nywele zielekee nje, naye hurejea nyumbani siku iyo hiyo. Upasuaji huo huukinga uoni uliobaki. Kioo kilichokwisha kuwa cheupe kwa makovu haukirudishii nuru. Basi mzee anayetokwa machozi na kuhisi mchanga machoni apelekwe zahanati akaguliwe kope, wala asiambiwe angoje mpunga uvunwe.