Daraja Lililosubiri Saini



Mwaka 1910 kampuni ya reli ya Pennsylvania ilifungua daraja la chuma juu ya mto Hackensack, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Daraja hilo, liitwalo Portal, lilijengwa kiasi cha mita 7 tu juu ya maji. Ili vyombo vipite, ilibidi sehemu yake ya kati izunguke juu ya nguzo iliyosimama mtoni, kama jiwe la kusagia lizungukavyo juu ya mhimili wake.

Kuzunguka si taabu. Taabu ni kurudi. Chombo kikishapita, kila reli sharti ilale mahali pake barabara. Ikikosea kidogo tu, hakuna treni iruhusiwayo kuvuka. Mara kadhaa mafundi walilazimika kuzigonga reli kwa nyundo nzito ili zishuke, huku maelfu ya wafanyakazi waendao New York wamekwama garini. Na njia hiyo, kabla ya Uviko-19, ilipitisha treni zipatazo 450 na abiria wapatao 200,000 kwa siku!

Je, wahandisi hawakujua dawa yake? Walijua. Mpango wa daraja jipya ulipata kibali cha mazingira mwaka 2008. Ni daraja lisilofunguka, lenye kimo cha mita 15 hivi, vyombo vipite chini na treni juu bila kungojeana. Hata hivyo ujenzi mkubwa ulianza mwaka 2022. Kilichokosekana kwa miaka yote hiyo ni fedha, pamoja na mapatano ya nani atoe kiasi gani: serikali kuu, majimbo, au shirika la reli la Amtrak. Daraja lililoanguka hupata fedha upesi; linalochechemea huambiwa livumilie. Gharama ya kuchelewa haikuandikwa katika bajeti ya ofisi yoyote, kwani ililipwa na abiria, saa kwa saa, mshahara kwa mshahara.

Daraja jipya nalo lina njia mbili tu, kama la zamani. Mbele yake, chini ya mto Hudson, yapo mahandaki mawili ya mwaka ule ule wa 1910, ambayo kimbunga Sandy kiliyajaza maji ya chumvi mwaka 2012. Maji yalitolewa; chumvi ilibaki katika zege.