NASAHA KUHUSU UKAGUZI WA VYUMA NA KAMBA ZA VYOMBO VYA TANGA



Chombo kikongwe hakivunjiki mlingoti kwa upepo peke yake. Aghalabu kisa ni kipande kidogo cha chuma kilicholika mahali pasipoonekana. Kwa hivyo, kabla ya Kusi kuingia, kila nahodha anatakiwa ateremshe foromali, afungue makapi yote na kuchomoa kila pini.

Kwanza, hata chuma kisichoshika kutu hudanganya. Pale maji yanapotuama na hewa haifiki, huliwa kwa ndani huku nje kinang'ara. Ufa huanzia kwenye tundu la pini. Kipande chenye ufa kibadilishwe, kisipakwe rangi.

Pili, roda iliyochakaa upande mmoja hukata henza. Ibadilishwe pamoja na kamba iliyokwaruzwa nayo.

Tatu, mbao iliyo chini ya chuma igongwe kwa nyundo. Ikitoa mlio mzito usio na mwangwi, huenda imeoza.

Nasaha hizi zinawahusu ndugu wa bara pia. Mkaazi wa Chanji, Sumbawanga, anayengoja samaki wa Kasanga, asidhani kuwa hayo ni ya watu wa baharini tu. Ziwa Tanganyika halina chumvi, na kutu huko hukawia. Lakini maji yasiyo na chumvi huozesha mbao upesi zaidi, na upepo wa kiangazi utokao kusini-mashariki huinua mawimbi makubwa.

Abiria hawezi kuyaona haya. Wajibu ni wa mwenye chombo na nahodha wake.