Kuwafundisha Watoto Kazi ya Uraia
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Athi River



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya mafundisho ya uraia katika shule za msingi. Jambo hili latuhusu sana sisi wakazi wa Athi River. Tangu sheria ya EPZ ilipopitishwa mwaka 1990, viwanda vimevuta watu hapa kutoka pembe nyingi za Kenya. Mtoto wetu hana baraza la wazee wa ukoo la kumfunza. Wazazi wako zamu kiwandani, na jirani ana lugha nyingine. Darasa ndilo baraza lake la kwanza.

Mtaala ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umeweka uraia miongoni mwa stadi saba za msingi. Ni jema. Lakini kukariri majina ya viongozi na rangi za bendera hakutoshi. Mtoto ameujua uraia anapojua mlango wa kubisha, na adabu ya kubisha.

Tutoe mfano. Taka zimerundikana karibu na shule: nani aziondoe? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuondoa taka, huduma za maji na shule za chekechea. Walimu wa shule ya msingi huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu. Basi barua ya taka yaenda kaunti. Barua ya uhaba wa walimu haiendi huko. Mwanafunzi wa Gredi ya Sita aweza kujifunza hayo kwa siku moja, hali watu wazima wengi huzunguka mwaka mzima wakibisha mlango usiohusika, kisha husema serikali haisikii.

Pia yafaa wanafunzi wachague kiranja kwa kura ya siri, aliyeshindwa ampe mshindi mkono, na mshindi awatumikie hata waliomnyima kura. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika nchi yetu. Kushindwa kwa amani hakufunzwi siku ya uchaguzi. Kwataka kuzoewa tangu utotoni.

Mwalimu peke yake hawezi. Akimfundisha mtoto kuuliza, nasi tukamkemea nyumbani kwa kuuliza, kazi yote imeharibika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hiyo twaomba mambo mawili: kwanza, mzazi asiye zamu asikose mkutano wa wazazi shuleni, pili, hesabu za chama chetu zisomwapo, wanafunzi waalikwe kusikiliza, na aulizaye kwa adabu ajibiwe kwa ukweli. Wakituona sisi wenyewe tukihesabiana senti kwa senti, watakuwa wamepata somo lisilo katika kitabu chochote.