Mieloma Inayofukuta: Kusubiri kwa Uangalizi Pia ni Matibabu

*Maneno ya mazungumzo ya afya kwa wakazi kuhusu magonjwa yasiyoambukiza*

 

Mada ya leo ni hali ambayo wengi husikia jina lake kwa mara ya kwanza siku wanapoambiwa kwamba wanayo. Inaitwa mieloma inayofukuta. Mara nyingi mgonjwa huwa ameenda hospitalini kwa jambo lingine, pengine presha au sukari. Kipimo cha damu kinaonyesha protini nyingi kupita kiasi, anatumwa kwa vipimo zaidi, kisha anaambiwa mambo mawili ambayo ni vigumu kuyaweka pamoja: ana hali inayoweza kugeuka kuwa saratani, na kwa sasa huenda asipewe dawa yoyote.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Mmoja huamini madaktari wamemkatia tamaa, akaanza kuzunguka akitafuta tiba popote. Mwingine husema kama hakuna dawa basi hakuna ugonjwa, akaacha kwenda kliniki. Wote wawili wako hatarini, na wote wawili wanaweza kusaidiwa.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya mifupa kuna uboho, ambako damu hutengenezwa. Humo mna seli za plazma, na kazi yake ni kutengeneza kingamwili za kupigana na maradhi. Katika mieloma, kundi moja la seli hizi huzaana kupita kiasi na kumwaga kwenye damu protini ya aina moja isiyo na faida. Madaktari huiita protini ya M.

Mieloma iliyokomaa huharibu mwili kwa njia nne kuu: kalsiamu hupanda katika damu, figo hudhoofika, damu hupungua, na mifupa hutoboka hadi kuvunjika kirahisi. Inayofukuta haijafanya hata moja kati ya hayo manne. Hutambuliwa protini ya M inapofika gramu 3 au zaidi kwa desilita moja ya damu, au seli hizo zinapokuwa kati ya asilimia 10 na 60 ya uboho, bila madhara yoyote mwilini. Ni makaa chini ya majivu: joto lipo, lakini moto haujawaka.

Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1980 na madaktari Robert Kyle na Philip Greipp wa Mayo Clinic, Marekani. Walieleza habari za wagonjwa 6 waliokaa miaka 5 au zaidi bila matibabu na bila ugonjwa kuendelea. Baadaye wagonjwa wengi zaidi walifuatiliwa, na picha ikawa wazi. Katika miaka 5 ya kwanza, uwezekano wa kuvuka na kuwa mieloma kamili ni takriban asilimia 10 kila mwaka. Miaka 5 inayofuata hushuka hadi asilimia 3 kwa mwaka, kisha asilimia 1. Maana yake ni kwamba karibu nusu huvuka ndani ya miaka 5, na takriban robo hawajavuka hata baada ya miaka 15.

Hali hii haitokani na kurogwa wala laana ya ukoo. Haiambukizi kwa kula pamoja wala kulala nyumba moja. Huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, na utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba watu weusi hupata mieloma takriban mara mbili kuliko wazungu. Kwa hiyo si ugonjwa wa watu wa mbali.

Kabla ya kuuza shamba

Chukulia mzee wa miaka 61 aliyepewa majibu haya wiki iliyopita. Jioni watoto wanakutana nyumbani. Kifungua mimba anasema, "Baba, tuuze ile ekari ya chini, tukupeleke India." Binti anataka kuita harambee. Jirani ameshaleta chupa ya mitishamba. Kila mmoja anampenda mzee, lakini hakuna aliyeuliza swali la kwanza: je, makaa haya yana joto kiasi gani?

Jibu la swali hilo halihitaji shamba kuuzwa. Linahitaji daktari bingwa wa magonjwa ya damu. Daktari wa kawaida anaweza kugundua tatizo, lakini kupima hatari ni kazi ya bingwa. Wengi wao hutumia kanuni ya 2, 20 na 20: protini ya M iliyozidi gramu 2 kwa desilita, uwiano wa minyororo myepesi ya kingamwili uliozidi 20, na seli za plazma zilizozidi asilimia 20 ya uboho. Asiye na hata kimoja yuko kwenye hatari ndogo. Mwenye viwili au vitatu yuko kwenye hatari kubwa, na hufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Ni kwa hao wa hatari kubwa ambapo mambo yanabadilika. Utafiti wa watu 390 uliochapishwa Desemba 2024 ulilinganisha waliopewa dawa iitwayo daratumumab na waliofuatiliwa tu. Baada ya miaka 5, takriban asilimia 63 ya waliopewa dawa walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya asilimia 41 ya wengine. Dawa hiyo ni ghali na ina madhara yake, na si ya kila mtu. Lakini ni swali halali la kumwuliza bingwa: "Daktari, mimi niko kundi gani, na je, kuna matibabu yanayonifaa sasa?"

Njia ya kumfikia bingwa

Mgonjwa aanzie kituo alichopimiwa na aombe barua ya rufaa. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iliyo Nairobi na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ni miongoni mwa hospitali za umma zinazohudumia wagonjwa wa saratani za damu.

Siku ya kwenda, abebe majibu yote kwenye faili moja: kipimo cha protini za damu, minyororo myepesi, hesabu kamili ya damu, kalsiamu, hali ya figo, na majibu ya uboho uliotolewa kwenye nyonga. Aulize pia kuhusu picha za mifupa. Eksirei ya kawaida inaweza kukosa uharibifu mpaka mfupa uwe umepoteza sehemu kubwa, ndiyo maana bingwa hupendelea CT ya mwili mzima au MRI. Asiende peke yake. Mtu aliyeshtuka husikia nusu ya maneno, kwa hiyo mke, mume au mtoto aandike yanayosemwa.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kujisajili ni kwa kupiga *147#, na mchango wa aliyeajiriwa ni asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyesajiliwa asisubiri awe mgonjwa mahututi. Na kabla ya kulipa kwenye maabara ya kibinafsi, familia iulize dawati la SHA hospitalini ni vipimo gani vinalipiwa.

Maisha ya kila siku

Baada ya utambuzi, vipimo hurudiwa kwa kawaida baada ya miezi 2 hadi 3, kisha kila miezi 3 hadi 6 kama bingwa atakavyopanga. Tarehe hizo ndizo dawa. Mgonjwa anayejisikia mzima na kuziruka anaweza kurudi figo zikiwa zimeharibika.

Figo zilindwe. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo hununuliwa dukani bila kuulizwa swali, zinaweza kuziumiza. Mgonjwa amweleze kila daktari na kila muuza dawa kuhusu hali yake kabla ya kumeza chochote, mitishamba ikiwemo. Anywe maji ya kutosha, na aulize kuhusu chanjo ya mafua na ya nimonia, kwa kuwa kinga yake inaweza kuwa dhaifu. Shambani, dukani na kanisani au msikitini aendelee kama kawaida.

Asingoje tarehe ya kliniki akiona maumivu ya mgongo au mbavu yasiyoisha, uchovu unaozidi, kiu na kukojoa kupita kiasi, mkojo wenye povu, au homa za mara kwa mara. Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, hiyo ni dharura. Afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Moyo nao una mzigo wake. Kuishi ukijua makaa yapo si jambo jepesi, na usiku kabla ya majibu huwa mrefu. Mgonjwa akikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki kadhaa, aombe ushauri nasaha hospitalini bila aibu. Familia nayo isimzike angali hai. Imwulize anavyojisikia, imsindikize kliniki, na imwachie kazi zake na sauti yake nyumbani.

Mwenye majibu haya mkononi leo hajachelewa. Ugonjwa umeonekana kabla haujamvunja mfupa wala kumharibu figo, na wengi wa waliougua mieloma kamili hawakupata nafasi hiyo. Iliyobaki ni kuitumia: barua ya rufaa, faili moja, bingwa, na tarehe zisizorukwa.