Sindano ya Insulini Nyumbani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Amma baad. Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya sindano ya kisukari. Nimelikubali jambo hili kwa furaha, kwani wako miongoni mwetu walioandikiwa dawa hii na daktari wakaiacha, wengine kwa hofu, wengine kwa haya, na wengine kwa shaka ya dini.

Insulini si sumu wala si dalili ya kifo. Ni kitu ambacho kongosho la mtu mzima wa afya hukitengeneza kila siku, ili sukari iliyomo damuni iingie mwilini na kutumika. Kabla haijapatikana, mtoto aliyeshikwa na kisukari kikali hakuwa na tumaini. Mwaka 1921 Banting na Best waliipata mjini Toronto, nchini Kanada, na mnamo Januari 1922 kijana wa miaka 14 alikuwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Hapo mwanzo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na ndiyo asili ya shaka. Lakini tangu mwaka 1982 imekuwa ikiuzwa insulini iliyotengenezwa kwa bakteria, na baadaye kwa hamira pia. Hiyo ndiyo iliyoenea sana leo. Mwenye shaka na amwulize mwuza dawa, asiiache kimya kimya.

Sasa nieleze namna ya kuitumia.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Tazama kichupa: nambari ya nguvu ya dawa lazima ilingane na ile iliyoandikwa juu ya bomba la sindano. Dawa ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40 hadi alama ya 20, mgonjwa atakuwa amejidunga vipimo 50, na hilo laweza kumwangamiza. Dawa iliyo nyeupe kama maziwa iviringishwe polepole baina ya viganja mara kumi, isitikiswe kwa nguvu. Ile inayopasa kuwa safi kama maji, ukiiona imechafuka, usiitumie.

Pili, ingiza katika kichupa hewa ya kiasi kile kile cha dawa utakayoitoa, kisha vuta dawa, na upige bomba kwa kidole ili mapovu yatoke.

Tatu, chagua mahali: tumboni, mbali na kitovu kiasi cha vidole vitatu, au pajani kwa upande wa nje, au matakoni kwa juu. Usidunge mahali pamoja kila siku, kwani ngozi hufanya uvimbe, na dawa iingiapo humo haiaminiki tena. Finya ngozi taratibu, ingiza sindano kwa wima, sukuma dawa, hesabu hadi kumi, kisha uichomoe. Usisugue.

Wengi hulalamikia maumivu. Mara nyingi sababu ni dawa ya baridi iliyotoka sasa hivi katika jokofu, au spiriti isiyokauka, au sindano butu iliyotumika mara nyingi. Iache dawa ipoe baridi yake kwanza, na tumia sindano mpya. Wala sindano moja isitumiwe na watu wawili, hata mume na mkewe, kwa kuogopa Ukimwi na homa ya ini.

Kichupa kisichofunguliwa hukaa katika jokofu, wala kisigande barafu. Kinachotumika hukaa nje ya jua, kwa kawaida kisipite majuma manne. Kwa joto letu hili la Imbo, asiye na jokofu akiweke ndani ya chombo kikavu katika chungu cha udongo chenye maji. Sindano zilizotumika zitiwe katika mkebe mgumu wenye kifuniko, zipelekwe zahanati; zisitupwe jalalani wachezapo watoto.

Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho, akiona njaa ya ghafla au akipotewa na maneno, sukari imeshuka. Apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, na apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Na Ramadhani je? Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Jidda mwaka 1997, lilikata shauri kwamba sindano ya chini ya ngozi isiyo ya chakula haibatilishi saumu. Kupima damu kidoleni nako ni vivyo hivyo. Lakini kabla ya kufunga, mgonjwa aonane na daktari wake, maana kipimo na saa za sindano hubadilika. Na sukari ikishuka chini ya 70, afungue papo hapo, hata ikiwa magharibi imebaki dakika tano. Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa ya Mola si aibu kuipokea.

Ndugu zangu, mwili ni amana. Mwenye mgonjwa nyumbani na ajifunze kazi hii pamoja naye, ili siku mkono wake utakapotetemeka, pawepo mkono mwingine.

Wabillahi tawfiq.